Mkono Huinuka Wenyewe

Jumapili, 16 Februari 2025. Voi

Ibada ya mavuno. Vuri ilitunyima mvua na hakuna asiyejua, lakini mbele ya madhabahu palijaa: ndizi kutoka Wundanyi, miwa, mahindi, pojo, trei za mayai, na jogoo aliyefungwa miguu. Aliwika katikati ya mahubiri, kasisi mwenyewe akaangua kicheko.

Mnada ulifanyika uani, chini ya mwarobaini. Jogoo alianzia 500. Fundi wa pikipiki akamchukua kwa 900, akamrudisha mezani: "Mzee, nadi tena." Mama wa mboga akatoa 700, naye akamrudisha. Mara ya tatu vijana wa kwaya walichangishana, wakamkabidhi bibi ambaye sadaka yake ilikuwa kikombe kimoja cha pojo. Bibi akamkumbatia jogoo na kucheza naye, vigelegele vikapaa. Katika daftari la hazina nimeandika: jogoo, mara tatu.

Nafaka hatukuuza. Tumekubaliana ziende Sagalla.

Jumanne, 18 Februari. Sagalla

Tumepanda na magunia kwa pikapu ya muumini mmoja. Huku ndovu hawana adabu ya mpaka wa mbuga. Wenye bahati wamezungushia mashamba mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya: ndovu akiugusa, nyuki hutoka naye hugeuza njia. Wasio na mizinga hukesha wakipiga madebe.

Baba mmoja alitembeza macho kwenye mabua yaliyolala chini, hakusema mengi. Tulipompa pojo alichota bakuli tatu, akazifunga kwenye leso na kumtuma mwanawe kwa jirani. Ndipo akatukaribisha chai. Mkewe alitupakulia kimanga, tukala hadi kupumua kukawa kazi.

Mmisionari Wray wa shirika la CMS alifungua misheni hapa Sagalla mwaka 1883, nao Wakatoliki wakaanza Bura mwaka 1892. Wamisionari walituletea Kitabu. Kumtazama jirani kabla hujajaza ghala lako, hilo sidhani wazee wetu walihitaji kufundishwa na mgeni.

Ijumaa, 21 Februari. Voi

Ushirika wa nyumbani, jioni. Tumesoma Wakorintho wa Pili, sura ya 8 na ya 9. Paulo anachangisha kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu, na anawasifu watu wa Makedonia: wao wenyewe hohehahe, lakini ndio waliosihi waruhusiwe kutoa. Tena anasema wazi kwamba yeye haamrishi.

Dada mmoja akauliza, "Kama si amri, mbona kadi ya mchango huja na kiwango kimeshaandikwa?" Tulicheka, kisha kila mtu akaangalia kikombe chake. Namjua jirani aliyeacha kuja ibadani kwa kuona haya, kadi yake ikiwa tupu na karo ya watoto haijatimia.

Mzee mmoja alitetea: bila viwango paa la kanisa halitaisha. Ana hoja. Mabati hayanunuliwi kwa nyimbo.

Jumatatu, 3 Machi. Voi

Stejini leo mada ni moja: jana Rais Ruto aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, Nairobi. Mwendesha boda mmoja anasema pesa ni pesa. Mwenzake akamkumbusha Novemba iliyopita, Askofu Mkuu Philip Anyolo alipoagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alitoa katika kanisa la Soweto, Kayole. Mimi niko upande wa askofu. Zawadi ya mwanasiasa huja na mkia, na kanisa ndilo huachiwa kuubeba.

Lakini tusiwanyooshee wakubwa kidole peke yao. Kusoma majina na viwango mbele ya ibada ni siasa ileile kwa noti ndogo. Mtu anaweza kusema mnada nao ni hadharani. Kweli, ila mnadani hakuna anayeitwa jina. Mkono huinuka wenyewe, na asiyeinua hupiga makofi na wenzake.

Jumamosi halmashauri ya kanisa inakutana. Nitapendekeza viwango viondolewe kwenye kadi na majina yasisomwe tena. Paa litachelewa, na lichelewe. Mweka hazina anahitaji jumla tu.