Mashine iliyosema "Nimemaliza"



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza mbele ya wengine: "Mwalimu, ni kweli kwamba kwenye shule yenu mashine inafanya kazi usiku peke yake, watu wamelala?" Wengine walicheka. Nikajibu kwamba ni kweli, na kwamba mimi ndiye niliyeipa kazi hiyo. Sikusema yote, kwa sababu mama mwenye habari hii alikuwa amekaa karibu nami. Baadaye nilimwomba ruhusa. Akasema: "Andika, lakini jina langu uliache." Basi ninaandika.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Diploma yangu niliipata ISP hapa Lubumbashi, na huko hakuna aliyenifundisha mambo ya mashine. Tulijifunza kutayarisha somo, kusimama mbele ya darasa na kutunza kaye ya pointi. Lakini nilipofika kwenye shule ninayofundisha sasa, watu waliona ninajua kupiga taipu haraka, na kwetu anayejua kupiga taipu anakuwa fundi wa ordinatere bila kuulizwa.

Ndani ya kabati ya ofisi kulikuwa na kompyuta moja ya zamani, bila skrini, inayotunza pointi za wanafunzi na malipo ya wazazi. Kompyuta ya mhasibu na ile ya prefe zinachukua habari kwake kwa njia ya waya. Kompyuta ya namna hiyo inaitwa seva. Ni kama mama mwenye ufunguo wa ghala: wote wanakula kwake, na yeye akiugua, nyumba nzima inalala njaa. Seva yetu inatumia programu ya bure inayoitwa Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo Wabemba na Waluba wa hapa hawahitaji kutafsiriwa.

Kazi yangu ilikuwa kunakili yote kila jioni kwenye diski ya nje, ili seva ikiharibika tubaki na kitu. Siku mtoto wangu alipokuwa na homa, sikunakili. Siku ya mvua kubwa, sikunakili. Mdogo wangu anayesoma informatiki UNILU aliniona nikihangaika, akasema: "Yaya, kazi unayoifanya kila siku kwa namna moja, iandike mara moja tu. Mashine itaifanya."

Alinifungulia dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Humo unaandika neno, mashine inatii. Ukipanga maneno hayo kwa utaratibu kwenye faili moja, umepata skripti. Mimi niliielewa hivi: ukienda Kasumbalesa kununua bidhaa, unamwachia binti yako mkubwa karatasi. Saa fulani injika maji, songa bukari, osha watoto, funga mlango. Tofauti ni kwamba binti yako ana akili. Akikuta unga umekwisha, atakwenda kuomba kwa jirani. Skripti ikikuta unga umekwisha, itasonga maji matupu, iyapakue kwenye sahani, kisha iseme chakula kiko tayari.

Kuna programu nyingine inayoamsha skripti kwa saa yake. Inaitwa kroni, na inaandikwa "cron". Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970. Unaipa alama tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya juma. Mimi niliandika hivi:

0 2 * * *

Maana yake: dakika sifuri, saa 2, kila siku, kila mwezi, siku yoyote ya juma. Na hiyo 2 siyo saa mbili ya bibi zetu. Mashine inahesabu kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo ni saa nane ya usiku. Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Asubuhi nilikimbia ofisini, nikakuta nakala iko pale, na chini yake neno nililoiagiza kuandika: "Nimemaliza." Nilifurahi kama mtoto.

Tatizo la kwanza mnalifahamu hata kabla sijalitaja. Umeme. Waya wa kutoka Inga unasafiri kilomita 1700 hivi kufika Kolwezi, migodi inakunywa sehemu yake, na sisi wa mitaani tunapata delestaji. Saa nane ya usiku ikipita mashine imezimika, kroni hairudii. Inangoja kesho. Mdogo wangu alinionyesha programu ndogo inayoitwa anakroni, ambayo mashine ikiwaka inauliza: kuna kazi iliyopita bila kufanywa? Ikiwapo, inaifanya. Nilijiona nimemaliza masomo yote ya dunia. Nilimwambia hata mhasibu kwamba haina haja ya kuendelea na kitabu cha risiti chenye vipande viwili, kile cha kubaki na cha kutoa. Karatasi ni ghali, mashine inatunza. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu.

Mwezi wa pili, katikati ya mvua, umeme ulikatika ukarudi mara tatu kwa usiku mmoja. Mara ya tatu ulirudi kwa nguvu na kuunguza diski ya ndani ya seva. Asubuhi prefe alikuwa na hofu, mimi nilikuwa nimetulia. Nilichukua diski ya nje, nikaifungua kwenye kompyuta yangu. Nakala ya mwisho ilikuwa ya siku 19 zilizopita.

Niliitazama tarehe ile muda mrefu. Kila asubuhi ya siku hizo 19 nilikuwa nimesoma "Nimemaliza" kwa macho yangu.

Mdogo wangu alipokuja ndipo tulielewa. Kwenye seva, diski ya nje inafunguka kupitia folda moja, kama chumba kinachoingiwa kwa mlango. Siku moja umeme ulipokatika na kurudi, diski ile haikuwaka tena pamoja na seva. Chumba kiliondoka, mlango ukabaki. Skripti ilipita mlangoni kama kawaida na kuweka nakala nyuma yake, yaani kwenye diski ile ile ya ndani. Kwa siku 19 ilihifadhi mali ya nyumba ndani ya nyumba ile ile inayoungua. Na neno "Nimemaliza" nilikuwa nimeliandika mstari wa mwisho, bila sharti lolote. Hata kama haikunakili kitu, ingelisema tu.

Pointi tulizipata tena kwa sababu walimu wana kaye zao. Malipo ndiyo yaliyotuumiza. Risiti zilikuwa kwa wazazi tu, na vipande vya kubaki havikuwapo tena, kwa shauri langu. Tuliwaita wazazi walete risiti. Wengi walileta. Mama ninayemsema, muuza mboga kwenye soko ya Kenya, alikuwa amelipa ada ya binti yake kwa mafungu matatu ndani ya siku zile. Alileta risiti moja. Mbili zilikuwa kwenye kitambaa cha kiunoni mvua ilipomnyea, zikawa uji.

Siku ya kuwarudisha nyumbani wenye deni, jina la binti yake lilisomwa. Nilikuwa darasani kwao. Nilimwona akikusanya kaye zake pole pole, bila kuinua macho, na majaribio ya mwisho wa trimestri yalikuwa Jumatatu inayofuata.

Mama alikuja kesho yake na kitu ambacho hatukukitazamia: kaye ya likelemba yao. Fungu la pili alililipa siku ile aliyopokea zamu yake, na katibu wao alikuwa ameandika tarehe, kiasi, na maneno "anakwenda kulipa masomo ya mtoto." Kalamu ya buluu, sahihi mbili. Prefe aliisoma, akakubali. Fungu la tatu halikuwa na ushahidi wowote.

Hapo nilifanya jambo lililoonekana jema kwangu. Nilitoa pesa yangu, nikamlipia kwa siri. Binti akarudi darasani. Mama alipojua, alinifuata mpaka nyumbani, akasimama uani. "Mwalimu, mimi nililipa. Wewe unalipa nini? Unataka waseme nilikuwa na deni ukanihurumia?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua utulivu wangu kwa jina lake. Kesho yake nilikwenda kwa prefe, nikasema wazi mbele ya mhasibu kwamba kosa ni la skripti yangu na la shauri langu kuhusu risiti, na kwamba neno la mama huyu linatosha. Walijadiliana sana. Mwishoni pesa yangu ilirudishwa, na kwenye orodha fungu la tatu likaandikwa: "limekubaliwa kwa neno la mzazi, risiti ilipotea."

Skripti niliiandika upya. Sasa kabla ya kunakili inauliza: diski ya nje ipo kweli? Kama haipo, inasimama, na mhasibu akifungua kompyuta yake asubuhi anakuta onyo kubwa. Ikishanakili, inahesabu mistari ya malipo pande zote mbili na kulinganisha. Hesabu zikitofautiana, haina ruhusa ya kusema "Nimemaliza." Diski ziko mbili, moja inalala kwa prefe, tunabadilisha kila Ijumaa. Siku hiyo hiyo ninachukua nakala na kuifungua kwenye kompyuta nyingine, kwa mkono, kama anayeonja chumvi. Kitabu cha vipande viwili kimerudi, na mhasibu hajaacha kunitania.

Mama yule naye alikuja mwisho wa mwezi, akatoka sokoni moja kwa moja, beseni kichwani. Alitaka kuona. Nilimfungulia nakala ya usiku uliopita, nikamwonyesha jina la binti yake na mafungu matatu. Alisoma mstari ule wa tatu pole pole kwa kidole. Kisha akauliza: "Mashine inaweza kufuta hii?"

Nikamwambia inaweza, mtu akiiagiza.

"Basi piga picha," akasema, akanipa simu yake.