Gunia, Shanga na Kufuli la Mama

Mpenzi msomaji, ukipita Gikomba jioni mafundi wa cherehani wanapofunga kazi, tazama chini. Utaona vipande vya jinzi, vya sweta na vya hariri vimelala matopeni. Wengi huvikanyaga wakaenda zao. Mimi huviokota. Wenzangu wa Kidato cha Tatu waliponiona na mfuko wangu walinibandika jina "Chokoraa", nami nikaitika.

Kazi yangu ni kushona picha. Ndiyo, kushona, si kuchora. Kwanza hutafuta gunia la katani, nikalifua mara mbili (vumbi la mahindi lina ukaidi ajabu!), kisha nikalikunja liwe la tabaka mbili, maana la tabaka moja hulegea likibebeshwa mzigo. Juu yake huja vitambaa. Visoda navyo huviponda kwa jiwe hadi vikalala bapa, nikavitoboa matundu mawili mawili kwa msumari. Shanga hununua Kariokor, soko lililopata jina lake kutokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hizo shanga ndizo hunimaliza. Kila baada ya shanga tatu hurudisha sindano nyuma, ili uzi ukikatika zisimwagike zote. Sehemu ya upana wa kiganja yaweza kunila jioni nzima, na mama huuliza kama hesabu nazo zinashonwa.

Wako wanaodhani huu ni mchezo wa watoto. La hasha! Rosemary Karuga, aliyesomea Makerere miaka ya 1950 na kufariki 2021, alitengeneza picha zake kwa karatasi za kupakia unga na sabuni. Naye Cyrus Kabiru, mwana wa Eastlands aliyezaliwa 1984 na kukua mkabala na jaa la Dandora, huunda miwani kwa nyaya na vyuma vilivyotupwa, na kazi zake zimefika hadi ng'ambo.

Sasa nije kwenye picha yenyewe. Usiku wa kuamkia Juni 28, 2018, moto uliwaka Gikomba na watu 15 wakafa. Nilikuwa mtoto mdogo. Kibanda cha mama kiliteketea chote, pamoja na robota la mitumba alilolifungua jana yake tu. Alichorudi nacho nyumbani Shauri Moyo ni kufuli lililogeuka rangi likawa kama ini, na kopo la vifungo, vingine vimeyeyuka vikashikana. Aliviweka uvunguni mwa kitanda, asivitaje tena.

Mwaka jana nilimwomba. Alinyamaza kitambo, akasema, "Chukua, lakini usinionyeshe mpaka umalize." Nilishona miezi minne. Jinzi nyeusi zikawa moshi, shanga nyekundu zikawa ndimi za moto, visoda vikawa mabati ya vibanda. Kufuli nililitia katikati, nikalifunga kwa uzi wa viatu. Mama alipoiona alipitisha kidole juu ya vifungo, polepole. "Hiki kilikuwa cha koti la kijani," akasema.

Siku ya Wazazi, mgeni mmoja akataka kuinunua kwa shilingi 8,000. Msomaji, karo niliyodaiwa ilikuwa 7,500! Hata hivyo sikutaka kuiuza. Nilimwambia mama kinagaubaga kwamba heri nikae nyumbani muhula mzima. Hakubishana nami. Alitoa wembe mkobani, akakata ule uzi wa viatu na kulibandua kufuli. "Hili haliko kwenye bei," akamwambia mgeni. Mgeni alitazama pale palipobaki pengo, kisha akahesabu pesa.

Picha sijui iko kwenye ukuta gani wa jiji hili. Kufuli liko juu ya kabati letu. Wiki iliyopita nilimkuta mama akilitia mafuta ya cherehani, anajaribu kama litafunguka, kwa ufunguo ambao sikujua kabisa kwamba bado anao.