Gari Linalochemsha Likitaka

Msomaji, ubaya wa gari linalochemsha leo na kesho likatulia ni kwamba lawama lazima impate mtu. Katika gari la Baba Mdogo mtu huyo nilikuwa mimi, utingo niliyemaliza kidato cha nne, na daftari la riwaya nimelificha chini ya kiti.

Tulikuwa tukibeba ndizi kutoka Tarime kwenda Mugumu, Serengeti. Safari mbili salama. Ya tatu, kabla hatujavuka Mto Mara, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatanda.

"Hukuweka maji!" Baba Mdogo akafoka. "Akili yote iko kwenye hadithi!"

"Niliweka, Baba Mdogo."

Hakusadiki. Akasema hiyo ndiyo safari yangu ya mwisho.

Pale Mugumu tukampata fundi mzee, asiye na haraka. Alingoja injini ipoe ndipo akafungua rejeta. Akakagua mfuniko, feni, mipira. Vyote vizima. Kisha akachomoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitumbukiza katika sufuria ya mama ntilie. Maji yakachemka, ikafunguka.

Baba Mdogo akanikazia macho.

"Bado," akasema fundi. Akaipoza, akairudisha. Ikafunguka tena. Mara ya tatu ikagoma kabisa.

Baba Mdogo hakuniomba radhi. Alininunulia chai tu, akauliza hadithi yangu imefika wapi.

Usiku nikafungua daftari. Palikuwa na mwizi niliyemhukumu ukurasa wa pili. Nikauchana, nikaanza upya.