Pikapu ya baba

Pikapu ya baba imetulisha na kutusomesha kwa miaka mingi, ikiteremsha viazi na kabichi kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Mwaka huu usukani ulianza kucheza, na tairi za mbele zikaliwa upande mmoja. Baba akasema, "Bado inakwenda."

Tukaiinua kwa jeki hapa Buyenzi. Tuliposhika gurudumu juu na chini na kulitikisa, liligonga. Beringi ilikuwa nzima. Boljointi ya chini ndiyo iliyokaribia kuchomoka. Ikichomoka kwenye kona, gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena. Na Ijumaa iliyotangulia, wadogo zetu walikuwa wamepanda nyuma.

Tulibadili boljointi, bushi, ncha za tairodi na shokapu, pande zote mbili. Bolti za bushi tulizikaza gari likiwa limeshushwa chini, limebeba uzito wake, kisha magurudumu yakapimwa ulinganifu. Fedha za bati la jikoni ziliishia hapo, mama hakulalamika.

Baba aliishika boljointi kuukuu kiganjani, akanyamaza. Sasa imetundikwa ukutani, penye funguo.

Tuyakague magari yetu kabla ya kupakia watu. Roho za watu ni amana.