Sijasilimu, Najifunza Kuhesabu Mwezi

Swali ninaloulizwa zaidi tangu niolewe ni moja: "Umesilimu?" Shangazi zangu kule Ganze wananiuliza, nyinyi mnaniuliza kwenye meseji, hata jamaa wa boda hapa Malindi aliniuliza juzi akiniona nimebeba sinia ya mahamri. Jibu ni hapana. Mimi bado Mkristo, Jumapili niko kanisani, mume wangu ni Mwislamu. Tulifunga ndoa ya serikali, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inaweka ndoa ya Kiislamu kwa Waislamu tu. Dini yake inamruhusu mwanamume kuoa Mkristo au Myahudi, watu wa Kitabu. Ingekuwa mimi ndiye Mwislamu na yeye Mkristo, ingekuwa vita. Hilo halinipendezi na nimemwambia, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kwamba sikukuu zao hazitulii. Mimi nimekua na Krismasi ya Desemba 25, umemaliza. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa kama siku 11, kwa hivyo Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma. Nilitaka niziweke zote kwenye simu, mavyaa akanicheka. "Kalenda yangu iko juu, mwanangu."

Yeye ndiye aliyenifunza kuhesabu. Waswahili huanzia pale mfungo unapofunguliwa: mwezi wa Idi ndogo ni Mfunguo Mosi, halafu Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ndio wa Idi ya kuchinja, twende hivyo mpaka Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Manze, mimi ni mzaliwa wa Kilifi, na haya majina nilikuwa nayasikia redioni yakinipita tu. Nilikaa chuo semesta nne kabla niache, na sikumbuki kitu nilichokishika haraka hivi.

Sasa, siku ya kumi ya Mfunguo Nne nikamkuta mume wangu amefunga. Kwani Ramadhani si imeisha? Akanieleza ni Ashura: Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wanafunga siku hiyo kwa sababu Mungu alimwokoa Musa na watu wake kutoka kwa Firauni, naye akafunga, akawaambia Waislamu wafunge. Nikamwambia hiyo naijua bana! Shule ya Jumapili tuliiigiza, mimi nilikuwa bahari. Ni kisa kilekile Wayahudi wanachokikumbuka kwenye Pasaka yao.

Yaani stori hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni nani anakula wapi, siku gani.

Mwaka 2024, mwaka wetu wa kwanza, Pasaka ya kanisani iliangukia Machi 31, ndani ya Ramadhani. Nayo inafuata mwezi, ati: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoanzia Machi 21. Mama alikuwa amejipanga. Kuku wa nazi, na alimwita jirani Mwislamu aje achinje, ili mkwe asiwe na shaka. Mkwe akaja mpaka Ganze. Akakaa na wajomba chini ya mwembe, jua lile la Machi, hata maji hakugusa.

Mama aliumia. Kwetu ukikataa chakula umemkataa mwenye chakula. Aliniita jikoni akaniuliza kwa Kigiriama kama kuku wake ana nini. Nikamweleza kwamba angemletea hata malaika, jibu lingekuwa lilelile mpaka jua lizame. Hakunijibu. Wageni walikula, wakaondoka, na mimi nikawa nahesabu dakika kuliko mwenye kufunga. Saa kumi na mbili na nusu hivi mama akatoka na sahani aliyokuwa ameifunika, na kikombe cha maji. Saa hiyo aliambiwa na nani, sijui. Si mimi.

Sasa nina mimba, na hapo ndipo naomba msinipe ushauri wa haraka. Upande wa mume wangu, mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu, hakuna mjadala. Upande wangu wanaulizia ubatizo. Mimi na yeye tumeongea usiku mwingi na hatujafika. Mavyaa ameshahesabu: mtoto anakuja Mfunguo Sita, kwa hivyo akiwa mvulana ni Muhammad. Mama anasema anakuja Septemba, na Mgiriama humpa mtoto jina la babu yake.

Jumapili ijayo nimewaalika wote wawili hapa kwangu Malindi, nikitoka kanisani. Mavyaa ameuliza kuku atachinjwa na nani. Mama amesema anakuja na wake, ameshachinjwa na jirani yule yule.