Nilifunga tumbo, kalamu nikaiacha

Leo nina la moyoni.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Mwezi uliandama mwanzoni mwa Machi, Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5. Pale chumba cha habari wengi tulikuwa tumefunga. Mimi niliacha nyama na bia, nikajiona mtakatifu kweli kweli.

Jioni moja, gazeti likikaribia kwenda mtamboni, nikaandika habari ya kijana mtunza fedha wa kikundi cha kuweka na kukopa, akituhumiwa kula michango ya wenzake. Jina lake nikaliweka. Simu sikumpigia. Kesho yake ikajulikana fedha zipo benki, zilichelewa tu kuingia kwenye akaunti. Tukaomba radhi kwa mistari mitatu, ukurasa wa ndani.

Jirani yangu wa meza, Mwislamu, hakunigombeza. Alinikumbusha tu fundisho la Mtume Muhammad (S.A.W.), kwamba anayeshinda na njaa huku hajaacha uongo, Mungu hana haja na njaa yake.

Nikafungua Biblia, Isaya 58. Yale yale! Nabii anawakemea wanaofunga huku wakiwaonea vibarua wao. Saumu ya kweli, anasema, ni kumlisha mwenye njaa na kuacha kunyoosheana vidole. Wayahudi huisoma sura hiyo asubuhi ya Yom Kippur, siku wanayofunga kwa takribani saa 25. Wabudha wanaoshika kanuni nane siku za Uposatha hawali baada ya adhuhuri, na kanuni mojawapo ni kutosema uongo. Wajaini nao huhitimisha siku za mfungo wa Paryushana kwa kuombana msamaha, mtu na mtu.

Hapo kwenye msamaha ndipo niliponaswa. Mistari mitatu gazetini haikuwa msamaha.

Nikamfuata yule kijana kwao. Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akaniuliza, "Kaka, ulishindwa hata kunibipu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Sijui kama amenisamehe.

Nyama nilirudi kuila Pasaka ilipofika. Ila tangu siku ile, kabla sijaandika jina la mtu, napiga simu kwanza. Huo mfungo hauna Pasaka.

Wewe mwenzangu, ukifunga, unafunga nini?