Kisu Kidogo na Ganda la Muhogo

Bwiza ni mtaa wa zamani ulio karibu na katikati ya mji wa Bujumbura, na mvua za Novemba zinapoanza, watu wake huingia ndani mapema. Mji huo, ulioko kando ya Ziwa Tanganyika, haujui baridi kali. Hata hivyo msimu wa mvua hubadili mambo ya jikoni. Makala hufika yamelowa, gunia hupanda bei, na vyakula hukatwa vidogo vidogo ili viive upesi. Hapo ndipo kisu kidogo kinapofanya kazi nyingi kuliko kisu kikubwa cha nyama.

Katika nyumba moja ya mtaa huo, kisu hicho kilikuwa mali ya bibi mwenye umri wa miaka sabini na ushei. Jiwe la kunolea lilikuwa limekila mpaka ubapa umebaki na urefu wa kidole, na mpini ulikuwa umeviringishwa kipande cha mpira wa baiskeli. Bibi hakupenda mtu mwingine akiguse. Aliketi juu ya kigoda, akashika kiazi kwa mkono wa kushoto, akaweka gumba la kulia mbele ya makali, kisha akakizungusha kiazi chenyewe badala ya kisu. Ndizi mbichi aliipasua ganda kwa urefu kwa ncha tu, viganja vikiwa vimepakwa mafuta ya mawese kwa ajili ya utomvu. Mukeke alimpasua tumbo kwa ncha hiyo hiyo, bila kuizamisha, ili nyongo isitoboke. Mtu anayedhani kuwa hayo ni mambo madogo hajapata kula samaki aliyetobolewa nyongo.

Mwaka huo macho ya bibi yakaingiwa na mtoto wa jicho. Kwa kuwa mama mwenye nyumba alishinda sokoni Jabe akiuza vitambaa, kisu kikapita mikononi mwa mjukuu, msichana wa miaka kumi na minne.

Mafunzo yalianza kwa viazi. Bibi hakuweza kuona kazi, basi akaihukumu kwa vidole. Aliyachukua maganda kutoka kwenye ungo, akayapapasa.

"Mjukuu wangu, leo umewaalika mbuzi," alisema. "Sisi tutakula nini?"

Msichana aliona haya. Baada ya majuma mawili maganda yake yalikuwa membamba kama karatasi, na mama yake akamsifu mbele ya wageni. Tangu siku hiyo alipenda sana ganda jembamba.

Jioni moja jamaa kutoka shamba alileta kapu la mihogo. Makala yalikuwa yamebaki ya kupikia mara moja. Msichana aliimenya mihogo kama alivyozoea kumenya viazi: akaondoa ngozi ya kahawia ya juu, akaliacha ganda nene la ndani, akaona amefanya uangalifu mkubwa. Aliitia chunguni. Maji yalikuwa yameanza kuchemka bibi alipoomba kipande kimoja ambacho hakijapikwa. Akapitisha gumba, akakikwaruza, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Epua chungu, mama. Mwaga."

Chakula cha jioni cha watu sita kikamwagwa. Mama aliporudi, miguu imelowa, akakuta watoto wanalia na mkwe wake ameketi kimya, alisema maneno makali. Usiku huo walikunywa uji usio na sukari.

Lakini bibi hakukosea. Muhogo mchungu una kitu ambacho hugeuka kuwa sumu ya sayanaidi pale muhogo unapokatwa au kupondwa, na ganda lina sumu nyingi zaidi kuliko nyama yake. Kuchemsha peke yake hakutoshi kuiondoa. Ni lazima umenywe ngozi zote mbili, uloweshwe siku tatu hivi mpaka ulainike, uanikwe ukauke, ndipo usagwe unga. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu kwa sababu ya kula mihogo michungu isiyotayarishwa vema. Nchini Kongo ugonjwa huo huitwa konzo, na daktari Trolli aliueleza tangu mwaka 1938. Ieleweke pia kuwa kuonja, kama alivyofanya bibi, si kipimo cha kutegemewa; muhogo ambao asili yake haijulikani ni bora kuufanyia kazi yote.

Kesho yake mihogo iliyobaki kapuni ilitolewa uani. Umeme ulikuwa umekatika. Msichana alikata vichwa na mikia, akachora mstari kwa ncha ya kisu mpaka kwenye nyama, akatia gumba chini ya ganda la ndani, nalo likabanduka lote pamoja na ngozi ya juu. Kila muhogo aliompa bibi, bibi aliupapasa gizani kabla ya kuutumbukiza katika beseni la maji.

"Hapa," alisema mara moja.

Msichana akaukwangua tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni akishika taa, akaisogeza karibu na mikono yao.

Siku ya nne mihogo ilipoanikwa juu ya mkeka, bibi alikiomba kisu, akakinoa mwenyewe kwa kupapasa, kisha akamrudishia mjukuu.